Kuzamia peke yako wakati wa kipupwe, Mombasa: dalili, chanzo na la kufanya

Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikishavuma sawasawa, maji ya nje ya mwamba wa Nyali na Bamburi hushuka hadi nyuzi 24 au 25 za Selsiasi. Mwezi Machi yalikuwa 29, pengine zaidi. Nyuzi nne au tano zinaonekana chache, lakini maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa, na mzamiaji wa Pwani aliyezoea kushuka na suti nyembamba, au na fulana tu, huendelea na mazoea hayo ya kaskazi mpaka katikati ya kipupwe. Mengi ya matatizo ninayoyaeleza huanzia hapo, hata yale ambayo ukiyatazama juujuu yanafanana na hitilafu ya vifaa.

Naandika kwa mtu ambaye tayari ana cheti cha kuzamia peke yake. SDI na PADI, mashirika mawili makubwa yanayotoa mafunzo hayo, hayampokei mwanafunzi kabla hajaandika mizamio 100 kwenye daftari lake. Kama hujafika hapo, tafuta mwenzi. Vituo vingi vya kuzamia havimpi mtungi wa hewa mtu asiye na mwenzi wala cheti hicho, na mimi naona wana haki.

Mwenye mwenzi ana macho mengine mawili ya kumwangalia. Akianza kutetemeka au kupiga mateke ovyo, mwenzake anaona. Aliye peke yake anategemea akili yake mwenyewe, na baridi huanza kwa kuidhoofisha akili hiyohiyo. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni moja: ukiwa chini peke yako, usitafute chanzo cha tatizo. Tafuta njia salama ya kupanda. Chanzo kitatafutwa ukiwa umekaa, umekauka, regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) iko mezani. Hitilafu zinazotengenezwa palepale majini ni chache sana, na nitazitaja zinapofika.

Vidole vimekuwa vizito, na geji (kipimo cha hewa) unaisoma mara mbili

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya baridi, nayo hutangulia kutetemeka. Unatazama namba, unaondoa macho, halafu unagundua hukuishika akilini. Kifundo unachokifunga kila siku kinakataa. Pumzi inakuwa fupi bila sababu. Watu wengi hupuuza kwa kuwa hawajisikii baridi kali, wanajisikia tu wamechoka.

Jipime kila baada ya dakika kumi. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule, kisha piga hesabu moja ndogo kichwani: hewa iliyobaki, ukitoa akiba, inakupa dakika ngapi? Kidole kikikosa shabaha, au hesabu ikakuchukua muda kuliko kawaida, mzamio umekwisha. Panda. Usingoje kutetemeka, na ukishaanza kutetemeka usijidanganye kwamba kutapita. Mtu akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, huo ni mwili unaoshindwa. Atolewe majini mara moja, avuliwe nguo mbichi, afunikwe blanketi.

Ukiwa nchi kavu, jiulize baridi iliingia vipi. Kama ilikuwa inakuja kwa mishtuko, maji yakipita mgongoni kila unapogeuza shingo, tatizo ni shingo ya suti au zipu: suti ni pana, au imelegea kwa uzee. Kama ilikuja taratibu mwili mzima na ikazidi ulipopita mita 20, suti yako ni nyembamba. Mpira wa suti hubeba vipovu vya gesi, na vipovu hivyo hubanwa kadiri unavyoshuka. Kwa mita 30, mgandamizo ni mara nne ya juu, na suti ya milimita 3 haibaki milimita 3. Kama mzamio wa kwanza ulikwenda vizuri na wa pili ukakuumiza, chanzo hakiko majini. Kiko kwenye boti, pale ulipokaa saa nzima na suti mbichi huku kusi inakupiga kifuani.

Kwa kipupwe, milimita 5 na kofia ya milimita 2 au 3 zinatosha watu wengi. Ila koti la kuzuia upepo la kuvaa kati ya mizamio lina faida kubwa kuliko milimita moja ya ziada, na bei yake ni ndogo. Chukua chai ya moto kwenye chupa, kula kabla ya kuondoka. Mzamio wa tatu kwa siku katika msimu huu, ukiwa peke yako, mimi siupendekezi kwa mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa baridi ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ukiwa na joto kule chini, damu inazunguka vizuri na mwili unafyonza naitrojeni nyingi. Ukipoa wakati wa kupanda, mishipa ya mikono na miguu inabana, na naitrojeni hiyo inachelewa kutoka. Kompyuta ya mkononi haijui kwamba umepoa, inahesabu kina na muda tu. Kwa hiyo ukihisi baridi, usiiendeshe kompyuta mpaka ukingoni mwa muda inaokuruhusu. Acha dakika za kutosha kabla ya kikomo, na simama mita 5 kwa dakika 3 au zaidi ukiwa bado una nguvu ya kutulia pale.

Hewa inakwisha kabla ya hesabu

Hesabu kwanza. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 60 akiwa mita 20, maana mgandamizo wa huko ni mara tatu. Ukiacha baa 70 za akiba, unabakiwa na lita 1,560, yaani dakika 26. Baridi na mkondo vikipandisha matumizi hadi lita 30, dakika hizo 26 zinakuwa 17. Hujafanya kosa lolote, na dakika tisa zimepotea.

Kama pumzi zilikuwa za haraka na ulikuwa unapiga mapezi muda wote, ulikuwa unashindana na mkondo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hukaza zaidi. Juu yake ongeza maji yanayopwa, yanayotoka kwenye milango ya mwamba kuelekea bahari kuu. Anza mzamio kwa kwenda dhidi ya mkondo, urudi nao, na ukiona huwezi kusogea bila kuhema, usibishane nao.

Kama hukuwa unahangaika lakini ulikuwa unajaza na kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea kila mara, umebeba risasi nyingi, yaani vipande vya uzito vya kukuzamisha. Hili ni kosa la msimu: mtu amevaa suti nene, akaongeza vipande viwili vya risasi kwenye mkanda, juu anaelea sawa, lakini chini suti inabanwa na risasi zinamvuta. Jipime mwisho wa mzamio, mtungi ukiwa na baa 50, mita 5, jaketi likiwa tupu. Ukiweza kutulia hapo bila kuzama wala kupanda, uzito ni sawa. Kupima mwanzoni, mtungi ukiwa umejaa, hakukupi jibu, kwa sababu hewa ya mtungi wa lita 12 peke yake ina uzito wa karibu kilo 3, na sehemu kubwa yake utaitumia njiani.

Kama si mkondo wala uzito, tafuta mvujo. Mwenye mwenzi huambiwa "una vipovu nyuma ya kichwa". Wewe huwezi kujiona. Kabla ya kushuka, mwombe nahodha atazame shingo ya mtungi wako mara tu unapoingia majini. Nyumbani, zamisha regyuleta yenye hewa ndani ya beseni na uangalie kila kiungo. Mara nyingi ni ule mpira mdogo wa duara kwenye mdomo wa valvu ya mtungi. Beba kadhaa za akiba.

Hapa niseme jambo kuhusu mtungi wa dharura, kwa sababu nawaona watu wakiubeba kwa imani isiyo na hesabu. Wengi hubeba mtungi mdogo wa lita 3, ambao kwa baa 200 una lita 600. Chukua Dania, meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, ambayo sakafu yake iko mita 30 hivi. Hewa yako kuu imekatika hapo. Umeshtuka, unavuta lita 40 kwa dakika. Dakika moja ya kujipanga: lita 160. Dakika tatu za kupanda hadi mita 5: karibu lita 330. Dakika tatu za kusimama: lita 180. Jumla ni 670. Mtungi wa lita 3 hautoshi. Kwa kina hicho beba wa lita 5 au 6, wenye regyuleta yake kamili na geji yake, na mdomo wake uwe chini ya kidevu chako. Ukining'inia nyuma utautafuta kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Mshale wa geji unacheza kila unapovuta pumzi

Valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri. Juu hutagundua, kwa sababu hewa kidogo inatosha. Ukifika mita 15 pumzi inakuwa nzito na mshale unashuka na kupanda. Hamia mtungi wa dharura, fikia valvu ikiwa unaweza, ifungue mpaka mwisho. Kama mkono haufiki, panda. Zoea la zamani la kufungua yote kisha kurudisha robo mzunguko ndilo linalozaa ajali hii, maana mtu mwingine kwenye boti anaweza kuja "kukusaidia" na kuizungusha upande usio wake. Fungua mpaka mwisho, iache hapo, kisha vuta pumzi nne ukitazama geji kabla hujaruka. Kama valvu iko wazi kabisa na mshale bado unacheza, kichujio cha kuingizia hewa kimeziba kwa kutu au chumvi. Hiyo ni kazi ya fundi, na mzamio wa siku hiyo haupo.

Regyuleta inamwaga hewa bila kukoma

Ukisoma maelezo yaliyoandikwa kwa bahari za Ulaya, utaambiwa imeganda barafu. Hilo ni kweli kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 10. Kwa Mombasa si barafu. Kuna mtu atakayekushauri ununue regyuleta ghali ya maji baridi, na utalipa pesa nyingi kwa tatizo usilokuwa nalo.

Kama ilianza ulipoitoa mdomoni, igeuze mdomo wake utazame chini, au isogeze swichi ya pembeni upande wa kupunguza. Itatulia. Hili ni moja ya yale machache yanayotengenezwa palepale. Kama inamwaga hata ikiwa mdomoni, hamia mtungi wa dharura na uanze kupanda. Huna mtungi wa dharura? Usiibane midomo yote: acha hewa ya ziada ipite pembeni, unywe kidogokidogo, upande. Mtungi unaweza kumalizika kwa dakika chache.

Baadaye fundi apime mgandamizo wa kati, yaani ule wa hewa iliyo kwenye hosi inayokuja mdomoni. Kwa regyuleta nyingi huwa kama baa 9 au 10, na mshale wa kipimo hutulia hapo. Ikiendelea kupanda polepole bila kutulia, kiti cha valvu cha hatua ya kwanza, sehemu inayofungwa kwenye mtungi, kimekwisha. Ikitulia vizuri, tafuta mchanga kwenye hatua ya pili, sehemu ya mdomoni. Kuingia baharini kutoka ufukweni wakati wa kusi, mawimbi yakichafua maji, huleta mchanga mwingi kuliko mtu anavyodhani.

Kila pumzi inakuja na maji

Angalia mpira wa kung'ata kwanza: mara nyingi umechanika pale meno yanapokaa, na taya iliyokazwa na baridi huuchana upesi. Ukiwa mzima, tazama valvu ndogo ya kutolea pumzi, inawezekana chembe ya mchanga imeishikilia wazi. Kubonyeza kitufe cha kusafishia mara mbili tatu kunaweza kuiondoa.

Jaketi linajijaza lenyewe, unaanza kupanda

Chumvi imeganda ndani ya kitufe cha kujazia. Mkono mmoja ung'oe hosi, mwingine uinue bomba la kutolea hewa juu ya bega, yote kwa wakati mmoja. Hii pia inatengenezwa palepale, lazima. Jizoeze kwenye boti, umevaa glavu zilizolowa, macho umefumba, kwa kuwa kifungio cha hosi kinachong'oka kwa urahisi dukani ni kigumu kwa vidole vilivyopoa. Kila jioni suuza kitufe kwa maji ya bomba huku unakibonyeza, na mwaga maji ya chumvi yaliyobaki ndani ya jaketi.

Kichwa kinauma

Angalia kilianza lini. Kikianza wakati wa kushuka, juu ya macho au kwenye paji la uso, ni mafua: hewa haipiti kwenye matundu ya fuvu. Usishuke zaidi. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyofungiwa itakuumiza wakati wa kupanda, wakati ambao huna hiari ya kubaki.

Kikianza mwisho wa mzamio, kikapiga taratibu nyuma ya kichwa na kuendelea jioni nzima, pengine ulikuwa unabana pumzi ili uokoe hewa. Kaboni dayoksaidi imejikusanya. Wanaozamia peke yao hufanya hivi sana kwa hofu ya kuishiwa. Vuta pumzi ndefu, toa ndefu zaidi, usisimamishe.

Kikija pamoja na kichefuchefu, au hewa ina ladha ya mafuta au moshi, panda sasa hivi. Monoksaidi ya kaboni yenyewe haina harufu wala ladha, lakini husafiri pamoja na moshi wa injini. Kompresa iliyowekwa mahali pazuri wakati wa kaskazi inaweza kuvuta moshi wake yenyewe upepo ukigeuka kuwa kusi. Muulize anayejaza mitungi bomba la kuvutia hewa limeelekea wapi. Mwenye kituo makini hataona swali hilo ni matusi. Na kabla ya kila mzamio, nusa hewa ya mtungi.

Ghafla dunia inazunguka

Maji ya baridi yakiingia sikio moja kabla ya jingine, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana na unaona kila kitu kinazunguka. Kofia inayobana upande mmoja husababisha hili mara nyingi. Shika kamba ya kushukia au mwamba, kaza macho kwenye geji, pumua. Maji yaliyomo sikioni yakipata joto la mwili, kizunguzungu hupungua, kwa kawaida ndani ya dakika moja hivi. Usipande mbio, maana hujui juu ni wapi. Kinga ni kufungua ukingo wa kofia ukiwa juu, maji yaingie masikio yote mawili sawasawa kabla ya kushuka.

Kikija wakati wa kupanda, sikio moja limechelewa kusawazisha. Shuka mita moja au mbili, ngoja, panda polepole. Kama kilitanguliwa na maumivu makali wakati wa kushuka na kisha nafuu ya ghafla, ngoma ya sikio imetoboka. Tulia mpaka kizunguzungu kipite, panda, nenda hospitali. Usitie matone ya aina yoyote.

Pumzi haitoshi, ijapokuwa regyuleta ni nzima

Naomba usome sehemu hii mara mbili. Unapumua vizuri, hewa inakuja, lakini unahisi kama kifua hakijai. Unakohoa. Pengine kuna mlio kama wa maji kifuani. Mtu hudhani ni woga, au suti imembana.

Inawezekana ni maji yanayoingia kwenye mapafu kutoka kwenye mishipa ya damu. Mwili ukiwa majini, na hasa majini baridi, damu husukumwa kutoka kwenye viungo kuja kifuani. Moyo ukizidiwa, maji hupenya kwenye mapafu. Wenye shinikizo la damu na waliovuka umri wa miaka 50 wako hatarini zaidi, ila vijana wazima nao huwapata. Kupiga mapezi kwa nguvu, suti inayobana kifua, na kunywa maji mengi kupita kiasi kabla ya kushuka huongeza hatari.

Tofauti yake na woga ni hii: woga hupungua ukisimama, ukashika mwamba na kupumua taratibu kwa dakika moja. Hili halipungui, huzidi. Lakini usiijaribu tofauti hiyo ukiwa peke yako mita 20. Panda kwa mwendo wa kawaida, na kama hali ni mbaya usisimame mita 5. Toka majini kabisa, kaa wima, usilale chali, uvue suti, upewe oksijeni, upelekwe hospitali. Ukikohoa povu la rangi ya waridi, hakuna tena cha kujadili. Hata ukipata nafuu kwa saa mbili, usirudi majini kabla daktari hajaupima moyo wako na shinikizo la damu, kwa sababu tatizo hili hurudi.

Umeibuka, na boti huioni

Mawimbi ya kusi yakifika mita mbili, kichwa cha mtu hakionekani hata kwa boti iliyo karibu. Kwa hiyo boya la ishara usilijaze baada ya kuibuka. Lirushe ukiwa mita 5 au 6, kwa kamba inayofunguka kutoka kwenye gurudumu lako la mkononi, ili nahodha aanze kukuona kabla hujafika. Liwe la rangi ya chungwa, refu kuliko mtu. Filimbi na kioo viwe vimefungwa kwenye jaketi.

Chanzo cha kupotea huwa ni saa ya kuingia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na siku moja mbili baadaye, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Maji hayo yote hupita kwenye milango ya mwamba. Ukiingia karibu na mlango maji yakiwa yameanza kupwa, utatolewa nje. Panga mzamio uanze muda mfupi kabla maji hayajamaliza kujaa, na siku za maji mafu ndizo bora kwa mtu wa peke yake. Lango la Kilindini na njia za meli ziepuke kabisa.

Ukishapotea, jaza jaketi, usivue suti yako, usiogelee dhidi ya mkondo. Utakuwa unaelekea kaskazini, upande wa Shanzu na Mtwapa, huku upepo wa kusi ukikusukuma kuelekea nchi kavu. Upepo huo unatia matumaini, lakini kati yako na ufuo kuna mwamba, na mawimbi yanavunjikia juu yake. Usijaribu kuuvuka pale maji yanapokuwa meupe. Kaa nje yake, elea, tafuta mlango, pigia filimbi ngalawa yoyote.

Nahodha aachiwe maagizo ya wazi kabla hujaruka: saa kamili ya kuibuka, upande wa kutafuta, na dakika ngapi angoje kabla ya kuita msaada kwenye chaneli ya 16 ya redio ya VHF. Mimi naona dakika kumi zinatosha. Na mtu mmoja nchi kavu awe na karatasi yenye maelezo hayohayo na simu iliyo na chaji.

Kitu kimekushika kwa nyuma

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, uvuvi umekatazwa, lakini katika eneo la nje la hifadhi wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa, na vipande vya jarife na mishipi husafiri na mkondo bila kujali mpaka. Mabaki ya meli huvikusanya. Ukishikwa, simama. Usigeuke kutazama, kila mzunguko unakufunga zaidi. Rudi nyuma kidogo, papasa, kata. Beba vikatio viwili, kila kimoja pale mkono wowote unapofika, na hakikisha unachokikata si hosi yako. Mkono usipofika, vua jaketi ukiwa umeishikilia regyuleta mdomoni, lilete mbele, ukate kilicholishika huko.

Umeshatoka, na kiungo kinauma

Ganzi ya baridi huwa pande zote mbili, kwenye ncha za vidole, na huondoka ukipata joto. Ugonjwa wa mgandamizo, unaoletwa na naitrojeni isiyotoka mwilini sawasawa, mara nyingi hushika upande mmoja au sehemu moja: bega, goti, ganzi inayopanda mkononi, mguu dhaifu, mabaka kwenye ngozi, kushindwa kukojoa, uchovu usio wa kawaida. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache, na karibu zote ndani ya saa 24. Ukiwa na shaka, chukulia ni mgandamizo. Oksijeni safi kwa asilimia 100, lala, kunywa maji kidogokidogo kama una fahamu nzuri, na usirudi majini eti ukajitibu huko. Usikimbilie kuoga maji ya moto sana wala kubeba mitungi.

Usipande treni ya Madaraka Express wala gari la Nairobi jioni hiyo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili wako hautofautishi ndege na kilima. Kwa ndege, ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja na saa 18 baada ya mizamio kadhaa, na kwa safari ya bara ni busara kufuata saa hizohizo.

Matibabu yenyewe ni kwenye chumba cha mgandamizo. Kabla ya msimu kuanza, muulize mwenye kituo unachotumia chumba kilicho karibu kiko wapi, kama kinafanya kazi, na nani anapigiwa simu usiku. Andika majibu kwenye karatasi ya yule mtu wa nchi kavu. Daktari wa zamu anaweza asifikirie mgandamizo, kwa hiyo mwambie tangu neno la kwanza kwamba ulizamia, na umpe kompyuta yako pamoja na kina, muda, saa uliyoibuka, saa dalili ilipoanza, na kama ulikuwa umepoa wakati wa kupanda.